Shangazi Alishuka Mlima Kwanza

Juzi mpwa wangu alininunia kando ya barabara, nami nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni mwangu, mtaani Igogo, ulionuka dagaa na oili.

Shangazi yangu, fundi magari, alikuwa akichagua diski za breki kwa ajili ya gari la spoti la mteja. Muuza spea za mtumba alimsogezea zenye matundu. "Chukua hizi dada, zinang'aa." Shangazi alizigonga kwa spana huku akisikiliza. "Hii inakoroma. Nipe zile." Zile zililia kama kengele. Nilidhani anapenda mlio mtamu. Sikujua anatafuta ufa.

Alipomaliza kuzifunga nilikimbilia mlango wa gari. "Toka hapo," alisema. Akashuka mlima peke yake, akirudia kukanyaga breki. Nilinuna, nikiamini ananinyima raha. Aliporudi ndipo aliponiambia, "Haya mama, panda sasa."

Sikusomea ufundi, niliujifunza kwa shangazi, na bado naogopa kukosea. Juzi nilichagua diski zangu za kwanza za gari la spoti, nikazigonga hadi muuzaji akacheka. Nilipomaliza kuzifunga, mpwa wangu alitaka kupanda. Nilimwacha anune, nikashuka mlima peke yangu, na gari likasimama pale pale nilipotaka. Kisha nikarudi kumfungulia mlango.