Ripoti ya Bethwel Kuhusu Gari la Meneja

Inatangazwa kwa wakulima wote wa chai, wakamuaji wa ng'ombe, wenye mikokoteni na wasio na chochote, kuanzia Chepseon hadi Kedowa, kwamba Oktoba ya mwaka wa tisini na sita, Mzee Bethwel Kimeli, dereva wa lori la majani ya chai kwa miaka ishirini na mbili, mtu ambaye hajawahi kukanyaga hata kuku, aliteuliwa kuwa Tume ya Uchunguzi. Ilikuwa tume yenye mwenyekiti mmoja, mwanachama mmoja na katibu mmoja, wote wakivaa koti moja.

Kilichochunguzwa ni gari. Meneja mmoja wa mashamba makubwa alikuwa anarudi kwao Ulaya, na gari lake la kifahari halikuingia kwenye sanduku. Lilikuwa stesheni wagon ya rangi ya maziwa, ndefu hivi kwamba aliyekaa nyuma alifika dakika moja baada ya dereva. Viti vya ngozi. Gia zinajibadilisha zenyewe. Ukifunga madirisha, husikii hata ng'ombe akilia kando ya barabara. Aliyelitamani ni Johana, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ambaye bonasi ya chai ilikuwa inamwasha mfukoni kama upupu. Huko kwao, bonasi ikitoka Oktoba, watu hununua kwanza, hufikiri Novemba. Johana alitaka kufikiri Oktoba hiyohiyo, ila kwa kichwa cha Bethwel, maana yeye mwenyewe hakujua kuendesha hata baiskeli.

"Kaa na hii gari wiki moja," alimwambia. "Usiibembeleze. Ibebe maziwa, ibebe majani, ibebe mama yangu hospitali. Halafu Jumamosi uniambie kama ni gari ya kila siku ama ni ya kupigia picha. Nakuamini, boiyot, mzee wangu. Wewe hujui uwongo."

Jumapili lilienda kanisani, na mahubiri hayakusikilizwa na mtu. Jumatatu lilibeba mitungi ya maziwa, imefunikwa blanketi kama wagonjwa. Jumanne ikawa zamu ya majani.

Majani yenyewe yalichumwa na Phelis, mama aliyetoka upande wa Kisii na sasa alikuwa mwaka wa tatu akifanya kazi kwa Johana. Kila siku alipanda na mzigo mgongoni hadi banda la kununulia chai, mwendo wa zaidi ya saa nzima, wa kumwaga jasho.

"Weka ndani, mama," Bethwel akamwambia. "Leo majani yanakalia ngozi."

Phelis akacheka. "Mzee, mimi mwenyewe sijawahi kukalia ngozi, na chai inakalia?" Akapakia magunia manne, akaanza kupanda kwa miguu, mgongo bila mzigo, akiimba.

Sasa, majani mabichi ya chai hupumua. Yafungie pahali pasipo hewa, yanapata joto, yanageuka mekundu. Ndiyo maana lori la chai lina wavu ubavuni. Jambo hili Bethwel alilijua kuliko jina la mkewe. Lakini barabara ya murram ilikuwa inatimua vumbi, na ngozi ilikuwa rangi ya maziwa. Akafunga madirisha yote. Kisha alipofika lami, badala ya kukata kushoto kwenda bandani, usukani, sijui ulipagawa na nini, ukakata kulia. Alienda mpaka Kedowa, akaegesha mbele ya hoteli, akaagiza soda aletewe garini, akangoja. Jua lilikuwa kali na kioo cha nyuma kilikuwa kipana kama mlango. Alingoja saa nzima.

Aliporudi hadi bandani, Phelis naye ndiyo anaingia, na karani Weldon akamwaga gunia la kwanza, akatia mkono, akautoa haraka.

"Haya yameiva! Bado chumvi tu. Nani ameshindilia?"

Kushindilia ni dhambi ya mchumaji: unakandamiza majani kwa goti ili mzigo uingie wote. Macho yote yakamgeukia Phelis.

"Mimi sijashindilia."

"Basi yamejipika yenyewe?"

Banda lote likaangua kicheko. Bethwel akafungua mdomo. Akakohoa. Hiyo ndiyo hotuba yote aliyoitoa.

Majani yakatupwa. Jioni Johana akasema Jumamosi atamwachisha Phelis kazi, kwa sababu mtu wa kushindilia atamharibia jina.

Tangu hapo Bethwel aliendesha gari madirisha yote wazi, vumbi likajaa hadi masikioni, na hakuna aliyemuuliza. Alhamisi Phelis akaja kwake na ndizi mbivu. "Asante kwa ile lifti, mzee. Mgongo ulipumzika." Bethwel akazipokea kwa mikono miwili, akaziweka mezani, akaketi mbali nazo.

"Hizo ndizi zimekukosea nini?" mkewe Chelangat akauliza. "Unaziangalia ni kama zimekushtaki."

Akala moja ili asiulizwe zaidi. Ilikuwa tamu sana, na hilo likamuumiza kuliko yote. Kichwani akaanza kutunga ripoti ambayo ingeanza na injini na kuishia na injini, kwa vile injini haikuwa na kosa lolote.

Jumamosi sebule ya Johana ilijaa wazee na chai ya maziwa. Phelis alikuwa kwenye stuli karibu na mlango, kikapu mapajani, akingoja kuambiwa aende.

Johana akasimama. "Wapendwa, leo tutasikia kutoka kwa mtu mkweli. Tume iseme!"

"Injini ni nzuri," Bethwel akaanza. "Breki nzuri. Gia..." Akamwangalia Phelis. Gia zikamwishia. "Haifai. Majani yanaiva ndani. Huyu mama hakushindilia. Ni mimi nilifunga madirisha, nikaipeleka Kedowa, nikaiweka juani saa nzima."

Kikombe cha Johana kikabaki hewani. "Wewe? Na miaka yote ya lori?"

"Mimi."

"Na siku nne unanyamaza?"

"Siku nne. Na ndizi yake nimekula."

Johana akaketi polepole. "Mama Phelis, kazi yako iko. Tusamehe."

Phelis hakumtazama Johana. Alimtazama Bethwel. "Mzee, mimi nimechekwa na banda zima. Huko Kedowa ulienda kufanya nini?"

"Nilitaka watu wanione na gari."

"Na walikuona?"

"Muuza soda tu," Bethwel akasema. "Wengine wote walikuwa wameenda soko Chepseon."