Pua ya Komando

Nyanda hakuwa na ng'ombe wa kutajwa mbele ya watu, na katika kijiji kile cha nje ya Lagangabilili mtu asiye na ng'ombe husikilizwa mwisho, kama atasikilizwa. Yeye alikuwa na mbwa, Komando. Ng'ombe wa mtu akipotea au akiswagwa na wezi, mwenyewe alikuja mbio kwa Nyanda na kipande cha kamba ya mnyama, na siku hiyo Nyanda alisogezewa kigoda. Komando aliinusa kamba, akainamisha kichwa, akashika njia. Mara nyingi walirudi na ng'ombe. Watu wale wale waliokuwa wakimpita Nyanda kilabuni kama hawakumwona, sasa walimwita baba.

Kazi hiyo ilikuwa na dawa yake. Marehemu baba yake, ambaye naye aliishi kwa kazi ya mbwa, alimwachia mizizi ya kusaga na neno moja: pua ya mbwa hunolewa kama panga. Basi kabla ya kila msako Nyanda alitia unga ule kwenye mwanzi mwembamba, akampulizia Komando puani. Mbwa alipiga chafya, akatikisa masikio, wakaenda. Unga ulikaa kwenye kibuyu, kibuyu kikaning'inia jikoni chini ya paa, na hakuna aliyewahi kukiosha, maana nani huosha urithi?

Mbwa mwenyewe alitoka kwa Maganga, jirani aliyechunga naye tangu utotoni. Maganga alimpa Nyanda mbwa huyo akiwa bado hajafumbua macho vizuri, na tangu hapo kila jioni alimwekea ukoko wa ugali.

Mwaka ule mvua zilizidi, paa la jikoni likavuja. Masika yalipokwisha Komando alianza kupiga chafya zisizokoma. Kamasi nzito ikamtoka tundu moja la pua, kisha damu, kisha ngozi ya pua ikababuka na kupauka, na ukimgusa uso alilia. Msako wa kwanza ukamshinda. Nyanda akafanya alichofundishwa: panga likiwa butu, nalo linolewe zaidi. Akapuliza asubuhi, akapuliza jioni.

Mbwa alipozidi kudhoofu, mtu mmoja kilabuni akauliza, kama mzaha tu, nani humlisha huyu mbwa. Nyanda alilibeba swali hilo hadi nyumbani. Akakumbuka kwamba miezi michache nyuma Komando alifuata nyayo za ng'ombe wa wizi mpaka zizini kwa shemeji wa Maganga. Mambo yakalingana kichwani mwake. Mtu mwenye uchungu hakosi wa kumlaumu, na wa karibu ndiye hupatikana upesi.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akasema Maganga amemtilia mbwa wake sumu.

"Nyanda," Maganga alisema, "nimpe sumu mbwa niliyekupa mimi mwenyewe?"

"Nani mwingine anamlisha?"

Wakamtaka Maganga atoe dume la ng'ombe, yaishe. Akakataa kulipia kosa ambalo hakulitenda. Wakaona kiburi, wakamtenga. Na kutengwa kule si maneno matupu: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumpa moto wala kumwazima jembe, na akifiwa azike mwenyewe. Akafiwa. Mama yake alifariki wakati ule ule, na Maganga akachimba kaburi na wanawe. Nyanda alikaa ndani akisikia sururu ikigonga mawe. Mama yule alimnywesha maziwa utotoni, kutoka kwenye kata moja na mwanawe. Nyanda alisikia yote, na hakutoka. Baada ya mazishi Maganga aliuza mifugo yake, akahamia Malampaka.

Ndipo Jenifer, binti yake Nyanda anayeuza nguo sokoni Somanda, alipomwambia baba yake amlete mbwa Bariadi mjini, kuna daktari wa mifugo anaitwa Veronica. Daktari aliagiza kwanza picha ya kichwa, ikapigwe Mwanza, aone kama mfupa ulio kati ya pua na ubongo bado mzima. Ulikuwa mzima. Akamlaza Komando kwa dawa ya usingizi, akasukuma maji ya chumvi puani. Yakatoka mapande yenye manyoya ya kijivu, mfano wa ukungu wa ugali uliosahauliwa kwenye sufuria.

"Mzee, hii ni fangasi," alisema. "Imeota ndani ya pua, inakula vifupa vyake. Huwa ananusa nini? Pumba zilizovunda, majani ya zamani?"

Nyanda akatoa kibuyu kwenye mfuko, tena kwa fahari, maana hata siku hiyo alikuja nacho. Daktari alimwaga unga kidogo kwenye karatasi. Ulikuwa umeshikana mabonge, na mabonge yalikuwa na manyoya yale yale.

"Hiki ndicho umekuwa ukimpulizia?"

"Na sumu je?"

"Hapa hakuna sumu, mzee."

Alimwingiza mbwa mpira wa kupumulia, akaziba nyuma ya pua ili dawa isishuke mapafuni, akajaza pua dawa ya kuua fangasi, akaziba na matundu ya mbele. Kwa saa nzima alikuwa akimgeuza, ubavu huu, chali, ubavu ule, dawa ifike kila uwazi wa kichwa. Kisha akamwinamisha, dawa ikatiririka nje. Akasema mara moja huenda isitoshe, warudi baada ya wiki chache, na kitu chochote kisipulizwe tena puani mwa mbwa huyu.

Kijijini walimuuliza kama sumu imetoka. Neno moja tu lingemrudisha Maganga kwao.

"Imetoka," Nyanda akasema.

Pamba ikachumwa, ikauzwa. Komando akapona, akabaki na kovu, lakini kunusa kwake hakukuwa kule kwa zamani. Neno lile halikumwacha Nyanda, mpaka siku moja akafunga safari ya Malampaka na mbwa wake.

Alimkuta Maganga karibu na stesheni akipasua kuni za watu. Komando alimpita mtu aliyemlea bila kumtambua. Maganga alipokohoa, ndipo mbwa akageuka na kutikisa mkia.

"Mwadila, Maganga," Nyanda akamsalimia kwa Kisukuma.

"Salamu yangu imefunguliwa lini?"

Nyanda akamweleza yote, kibuyu, ukungu, daktari. Maganga hakuacha kupasua hadi maelezo yalipokwisha.

"Ulijua lini?"

"Kabla ya pamba."

"Kijijini umewaambia?"

"Bado."

Maganga akaweka shoka chini, akachuchumaa, akamshika Komando uso kwa mikono miwili na kuichungulia ile pua. Mbwa hakulia.

"Amepona vizuri," alisema. "Kawaambie wao kwanza. Ukishawaambia, uje nikuitikie salamu."

Nyanda alirudi ameapa moyoni kuwaambia ukweli. Jioni alipopita kilabuni wote walikuwepo, na mmoja akamsogezea kigoda.

"Nyanda, ulipotelea wapi?"

Akaketi. Komando akajilaza miguuni pake.

"Nilimpeleka mbwa kwa daktari," akasema, na Malampaka hakuitaja.