Mfarishi wa Eda

Juzi kikundi chetu cha akina mama hapa Kombani kililetewa mwalimu kutoka Nairobi. Alitugawia sindano na mabaki ya vitambaa, akasema tushone viraka polepole, tusikilize pumzi zetu, na machungu yatatoka yenyewe. Wenzangu wakashona. Mimi nikamwambia, "Mwalimu, kazi hii naijua. Nilishona mfarishi mzima na machungu yangu yako palepale, ila yametulia kidogo, kama paka aliyeshiba." Akacheka, akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

Basi na mimi naandika yangu. Kalamu nimeijulia ukubwani, kwenye ngumbaru, kwa hiyo msinitafutie makosa. Majina siyaweki, kwa sababu wajukuu zao na wangu wanasoma darasa moja. Nitasema shemeji, nitasema wifi. Wenyewe watajijua.

Mume wangu alikuwa mkwezi. Tulikaa upande wa Msambweni, nyumba ya udongo na makuti, na minazi ambayo aliipanda mwenyewe kabla hajanioa. Alikufa mwaka wa Uhuru, vuli imekolea. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mnazi uliolowa hauparamiwi, hata mtoto anajua. Lakini kaka yake, yaani shemeji yangu, alikuwa na mgeni na alitaka kumpa madafu. "Panda bwana, mvua ni maji tu," akamwambia. Akapanda. Walimrudisha kwangu juu ya kitanda cha kamba. Yule mgeni, nasikia, alipewa chai.

Mnazi haukuwa na kosa, na Mungu simlaumu. Shemeji namlaumu.

Nikakaa eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Niliachiwa binti mmoja, mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yamemtoka. Siku za mwanzo sikulia. Sikula pia. Nilikaa mkekani nikautazama ukuta, na ukuta ukanitazama. Wageni wa pole walinisifu kwamba nina subira. Haikuwa subira, nilikuwa sipo.

Aliyenishtua ni bibi jirani, mshonaji wa mifarishi ya watoto wachanga. Aliingia na kikapu chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo we. Shika hii."

Ilikuwa sindano. Nikamwambia sina hamu ya kushona. Akasema hajaniuliza habari ya hamu.

Mfarishi si kitu kikubwa. Unaunga viraka mpaka upate kipande cha upana wa kitanda, chini unaweka kanga kuukuu, katikati unatandaza sufi uliyoichambua kokwa zake, halafu unapiga bandi, ule mshono mrefu wa mkono, juu mpaka chini, mstari kwa mstari, ili sufi isikimbilie pembeni. Ukikosea bandi, kesho mtoto analalia mabonge. Bibi alikuwa na sheria moja tu. "Ukitaka kulia, maliza mstari kwanza." Nikawa namaliza mstari, na nikifika mwisho nimesahau nilichotaka kukililia. Nikikumbuka, kuna mstari mwingine.

Viraka nilianza na shati la marehemu, lile lililochanika kwapani. Yale mazuri yalikuwa yamekwenda. Shemeji alichukua koti na kanzu kabla hata khitma haijasomwa, eti awe na ukumbusho wa ndugu yake. Ukumbusho huo aliuvaa Ijumaa hiyohiyo. Kwa hiyo kila aliyekuja kunipa pole nilimwomba kitambaa. Wifi yangu, dada yake marehemu, alinipa kipande cha kanga baada ya kukata pindo lililokuwa zima na kubaki nalo. Shemeji alitoa ncha ya kikoi iliyoungua kwa sigara. Nilivipokea, nikasema ahsante, nikaviweka kando.

Uhuru uliingia mimi niko ndani. Nilisikia ngoma, nikasikia vifijo, nchi nzima imetoka nje. Binti yangu alirudi na kibendera cha kitambaa kimetota mvua. Akauliza, "Mama, na wewe umepata uhuru?" Nikamwambia bado, nina eda. Kibendera nikakitia katikati ya mfarishi. Kiliacha rangi kidogo kwenye shati la baba yake, na haijatoka mpaka leo.

Sasa sikilizeni kosa walilolifanya watu wale. Sisi Wadigo tuna mambo mawili. Tuna ada ya wazee, ambayo mali ya mtu huenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, na watoto huhesabiwa fuko la mama yao, yaani ukoo wake, chini ya mjomba wao. Halafu tuna sheria ya dini, ambayo mtoto ni wa upande wa baba na hurithi mali ya baba. Mtu mwenye haya hushika moja.

Alasiri moja shemeji na wifi waliketi ukumbini, mimi niko chumbani nyuma ya pazia la gunia nashona.

Wifi akasema, "Minazi ni ya mwanangu. Yeye ndiye mpwa. Ada ni ada."

"Sikukatalii," akasema shemeji. "Mimi minazi siitaki. Mimi namtaka mtoto. Kisheria ni damu yetu. Atanitekea maji, atamsaidia mke wangu, na akikua mahari itapokelewa kwangu."

"Na mama yake?"

"Arudi kwao Waa. Akipata mume wa kumtaka, heri yake."

"Shh! Hatusikii huyo?"

"Huyo? Si anashona."

Nilijichoma kidole. Nilitaka kuinuka niling'oe lile pazia la gunia nimvike kichwani. Lakini nilikuwa katikati ya mstari. Nikaumaliza. Nikaanza wa pili. Mkono unakwenda chini, unarudi juu, na kichwani naona minazi upande huu, mtoto upande huu, na wale wawili wamekaa kila mmoja juu ya tawi lake, wanalikata. Nilipofika mwisho wa mstari wa tatu hasira ilikuwa haijapungua hata chembe, lakini ilikuwa imekaa sawa, kama sufi. Ningepiga kelele siku ile wangepata nafasi ya kujipanga upya. Nikanyamaza mpaka eda ikaisha. Binti yangu akija kunilalia mapajani namfunika na upande uliokwisha, sijui kama nitamfunika mwaka unaofuata.

Eda ilipotoka wazee waliitwa. Kaka yangu alikuja kutoka Waa, akaketi, akanyamaza kama mtu aliyepotea njia. Wanawake tulikaa mlangoni. Bibi jirani alikuwa na kikapu chake. Mfarishi nilikuwa nao mapajani, umebaki kupindwa ukingo.

Wifi akasema la minazi. Shemeji akasema la mtoto. Wazee wakaanza kuitikia, maana chai ilikuwa imekaribia.

Nikasema, "Wazee wangu, mimi sikusoma, nielezeni. Minazi inakwenda kwa lipi?"

"Kwa ada," akadakia wifi. "Ada ya wazee wetu. Mali kwa mpwa."

"Ahsante wifi. Na kwa ada hiyo, mtoto ni wa nani?"

Kila mtu pale alijua jibu, na jibu lenyewe, yaani mjomba wa mtoto, lilikuwa limekaa kwenye mkeka linatazama miguu yake.

Shemeji akapaza sauti. "Sisi ni Waislamu bwana! Mambo ya mtoto tunafuata sheria!"

"Alhamdulillahi," nikasema. "Basi twendeni kwa kadhi. Kwa sheria, minazi nusu ni ya huyu mtoto. Na mimi nina thumni yangu, fungu moja katika manane. Mnaobaki mtagawana kinachobaki."

Wifi aliruka kama aliyekalia siafu. "Kadhi wa nini? Kadhi anahusu nini hapa? Kaka, mwache mwanamke aende na mtoto wake! Wewe wa kwako umeshawashibisha?"

"Wewe dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana wapi?"

Mzee mmoja alikohoa, kumbe anacheka. Shemeji akanielekezea kidole. "Huyu amefundishwa! Amefundishwa na yule bibi!"

Bibi hakuinua macho. "Mimi nimemfundisha bandi," akasema.

Wazee wakaamua ada ishikwe yote, minazi kwa mpwa, mtoto kwa mama. Wakapata chai yao. Kaka yangu tukiwa njiani alisema, "Tumewaweza." Nikamwambia ndiyo, tumewaweza.

Minazi niliikosa yote, msije mkadhani nilishinda. Mpwa aliiuza pamoja na kiwanja, na leo pale pana ukuta mrefu na mlinzi ambaye ukimwamkia anakuuliza unataka nini. Shemeji alizeeka vizuri, ana afya. Hajaniomba radhi, na koti sijaliona tena.

Mfarishi upo mpaka leo. Shati la marehemu nililiweka kifuani, kibendera katikati. Kanga ya wifi na kikoi cha shemeji nilivishona miguuni. Binti yangu aliulalia mpaka akaolewa, na alipojifungua nikampelekea. Mtoto wake akigusa kiraka anauliza, "Hiki cha nani?" Nami humwambia, cha nani na alifanya nini. Mama yake hunikataza, anasema mtoto ni mdogo.

Usiku mjukuu wangu hukojoa, na hukojolea upande wa miguuni. Kutwa nzima mfarishi uko juani, kikoi kimeelekea njia wanayopita watu. Simkatazi.