Mkono Ndani ya Kibuyu

Juma lililopita nilipanga foleni ya dawa ya homa katika zahanati moja ya Ilemela, karibu na ziwa. Kando ya daktari aliketi bwana mmoja mwenye miwani ambaye hakugusa mgonjwa hata mmoja. Kazi yake ni hesabu. Madaktari wanataka kujua kama dawa mpya ya malale inashinda ya zamani, naye ndiye anayegawa nani apate ipi.

Jinsi anavyogawa ilinisisimua mwili. Hufumba macho, hutumbukiza mkono ndani ya kibuyu, hutoa punje ya kunde. Nyeupe ni dawa mpya, nyeusi ya zamani.

Bibi mmoja alifika mezani amembeba mjukuu aliyelala usingizi wa malale.

"Shikamoo, bibi," bwana akasema, macho yamekwisha kufumbwa.

"Marahaba. Mbona huulizi jina la mtoto?"

"Nikilijua, mkono wangu utampendelea."

"Hata mganga wetu huuliza jina kabla ya kupiga ramli. Ninayemjua achukuaye watu bila kuuliza jina ni mmoja tu."

"Nani huyo?"

Bibi alimfunika mtoto miguu.

Bwana akatumbukiza mkono. Tukasikia kunde zikichakarika ndani ya kibuyu. Ilitoka nyeusi. Bibi akaitikia kwa kichwa, kama aliyesalimiwa na mtu anayemfahamu.

Wasomi wanasema hakuna njia ya haki kuliko hiyo, nami sibishi. Ila zamu yangu ilipofika, kwa homa tu isiyohitaji kibuyu, nilitaja jina langu kabla sijaulizwa. Kisha nikalirudia kwa sauti.