Gemu Lililoganda Kwenye Kona ya Tatu

Mama yangu mdogo analima mananasi Kiwangwa, na ndiye aliyenionyesha kwamba gemu letu lilikuwa bovu. Sikumshukuru siku ile. Nilikasirika.

Nilikuwa na miaka mitatu kwenye kampuni ndogo inayotengeneza magemu ya simu. Siku tatu za wiki nilifanya kazi nyumbani Bagamoyo, mbili nilikwenda ofisini Dar. Gemu lililotulisha lilikuwa la mbio za bodaboda. Unachagua pikipiki, unamvalisha dereva wako, unashindana na watu. Kucheza ni bure. Tulichouza ni kofia na makoti ya dereva, na yaliuzika kweli.

Jumamosi moja nikaenda Kiwangwa kumsalimia mama mdogo. Nilimkuta kwenye mkeka barazani, ametoka kuswali adhuhuri, simu ameishika kwa mikono miwili na midomo ameikaza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Ngoja kwanza."

Nikangoja. Alikuwa anashindana na wenzake wa kikundi chao cha akina mama wa mananasi, na alikuwa anaongoza. Akapita kona ya kwanza, akapita ya pili. Alipoingia ya tatu picha ikaganda. Akaipiga simu kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayempiga mgongoni mtoto aliyepaliwa. Picha iliporudi, bodaboda yake ilikuwa mtaroni na wenzake wameshapita.

"Kila siku hapahapa," alisema. "Mmelitengeneza hivi ili nishindwe?"

"Ni simu yako, mama mdogo. Ni ndogo."

"Simu hii naongea na kaka yako aliyeko Chalinze, namwona uso wake mpaka chunusi, wala haigandi. Iwe ndogo kwenye gemu lako tu?"

Nikaiunga simu yake kwenye kompyuta yangu. Sikuwa na nia ya kumsaidia. Nilitaka kumwonyesha kwamba simu yake ndiyo yenye matatizo. Lakini nilichokiona kilikuwa kingine. Kwenye kona ya tatu tulikuwa tumeweka bango la kutangaza duka la gemu. Kila bango lile lilipokaribia kuonekana, programu ilifungua upya picha za kofia zote na makoti yote tuliyouza, ili ionyeshe koti moja. Duka lilipokuwa dogo, hakuna aliyegundua. Lakini kila mwezi tuliongeza bidhaa, na kila mwezi kona ile ikazidi kuwa nzito. Simu kubwa zilivumilia. Ya mama mdogo ilizidiwa.

Dawa yake ilikuwa mistari tisa ya programu. Niliiandika palepale barazani, chai ikiwa bado ya moto. Kisha nikatafuta nani aliyeandika sehemu ile mwanzoni. Lilikuwa jina langu. Niliiandika mwezi wangu wa kwanza kazini, na juu yake nikaacha maelezo: "Ya muda tu. Nitarudi kurekebisha."

"Umeona nini?" mama mdogo akauliza.

"Bado naangalia," nikasema, nikafunga kompyuta.

Jumatatu nilimfuata bosi mezani kwake. Si mtu mbaya, na hapandishi sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Wangapi wamelalamika?"

"Sijui. Wachache."

"Wanaonunua makoti wana simu nzuri. Hawagandiwi." Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione chati ya mauzo, mstari unapanda. "Ukiligusa duka likaharibika, tumekwisha. Usipoligusa, nani anaumia?"

"Wanaogandiwa hawalalamiki. Wanalifuta gemu. Kwenye chati hii hawamo."

"Kama hawamo, mimi nitawaonaje?"

Hata mimi kwa miaka mitatu sikuwaona. Kila wiki tulikaa kupanga kazi, na kila wiki ubao ulijaa vitu vipya: kofia mpya, pikipiki mpya, mavazi ya Idi. Aliyeleta koti jipya alipigiwa makofi. Hakuna aliyewahi kupigiwa makofi kwa kona isiyoganda. Na aliyegusa kitu cha zamani kikavunjika, aliitwa kujieleza. Sote tulijifunza kutokugusa, na hakuna aliyetufundisha.

"Nani aliandika hiyo sehemu?" bosi akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Waliokwishaondoka kazini walikuwa wengi, ningembebesha yeyote kati yao.

"Mimi."

Akaizungusha kalamu vidoleni. "Alhamisi," akasema. "Utaitoa dawa yako kwa sehemu ndogo ya wachezaji kwanza. Duka likianguka, kosa ni lako."

Alhamisi saa nne asubuhi niliitoa. Bosi alisimama nyuma ya kiti changu, nikisikia pumzi yake. Kona ya tatu ilikuwa nyepesi. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita, mabega yangu yakaanza kulegea. Ndipo ujumbe wa kwanza ukaingia kutoka kwa mchezaji: duka limekuwa jeupe, hakuna kofia, hakuna koti. Ukaja wa pili. Ukaja wa kumi.

"Rudisha ya zamani," bosi akasema.

"Nipe dakika kumi, naona kama ni..."

"Rudisha sasa hivi."

Nilikosea nywila mara mbili. Nilipofanikiwa, duka likarudi, na kona ya tatu ikarudi kuganda. Bosi akarudi mezani kwake. Ofisi nzima, kila mtu alikaza macho kwenye kompyuta yake.

Siku nne nililitafuta kosa. Picha ambazo dawa yangu ilizihifadhi kwenye simu ili zisifunguliwe upya zilikuwa zinafutwa na simu zenyewe kila nafasi ilipojaa, na duka likizihitaji halizikuti. Marekebisho yake yalikuwa madogo kuliko yale ya kwanza. Kumwomba bosi ruhusa ya pili kulinichukua siku mbili zaidi, maana kila nilipokaribia meza yake niligeuza njia.

Alinikubalia, na safari hii hapakutokea hitilafu. Duka halikuanguka, kona ikapitika, na ule mstari kwenye chati ukabaki pale ulipokuwa. "Unaona?" bosi akaniambia bila kejeli. "Hakuna kilichobadilika." Akanipa kazi iliyofuata, makoti ya Idi.

Jumamosi nikaenda Kiwangwa na habari njema. Mama mdogo alikuwa ameshalifuta gemu. "Lilikuwa linanipandisha presha," alisema. Nikamwekea upya kwa bando langu. Akacheza, akapita kona ya tatu, akanitazama.

"Nani alikuwa ameliharibu?"

"Mimi, mama mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Akaweka simu chini. "Idi mbili umekaa kwenye mkeka huu unaniona naipiga simu isiyo na kosa."

"Nilidhani ni simu."

"Hukudhani. Hukutazama."

Akainuka, akaniambia nimsaidie kupanga mananasi, gari la mnunuzi lilikuwa njiani. Tulipanga mpaka alasiri, miba ya majani ikinichanachana mikono, nami sikuthubutu kulalamika. Fungu la mwisho lilipokaribia kwisha ndipo akauliza, "Na hao wengine walioshindwa pale kwenye kona?"

"Wengi walishafuta gemu."

"Utawaambiaje kwamba limepona?"

"Hakuna njia. Hata siwajui ni akina nani."

Akanipokea nanasi mkononi, akalilaza na mengine, majani yakitazama upande mmoja, akanyoosha mkono nimpe jingine.