Mistari kwenye Uso wa Lado

Nakumbuka siku moja pale mtaani kwetu Hai Malakal, na nikiikumbuka mkono huu bado huwa mzito. Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka ukimbizini Uganda, mimi bado kijana, kazi yangu kuchora watu kutoka picha zao. Wewe mwanangu unachora kutoka kwa simu, unavuta uso mpaka unaona kinyweleo. Sisi tuliletewa picha ya kitambulisho, ndogo, imekunjwa, imelowa.

Mama mmoja aliniletea picha ya mwanawe Lado, aliyefia vitani. Mwili haukupatikana. Hakuwa na picha nyingine, na mchoro wangu ndio ungewekwa mbele ya watu siku ya maombi. Macho yalionekana, mdomo ulionekana, lakini paji la uso lilikuwa limeliwa na unyevu. Nami nilijua kwao wanaume huchanjwa mistari hapo wanapotoka utotoni. Sikuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilijiona najua. Nikachora mistari, tena nikajisifu, maana ilitoka vizuri.

Siku ya maombi nikaondoa kitambaa kilichofunika mchoro. Mama akasogea mpaka karibu.

"Binti, nani amemchanja mwanangu?"

"Mama, si ndiyo desturi yenu?"

"Alikimbia kisu. Baba yake akamfukuza kwa hilo, ndipo akaenda jeshini."

Baba yake Lado alikuwa amekaa palepale, anatazama chini. Ndugu wa huyo baba akasema, "Wacha ikae hivyo. Sasa amekuwa mwanaume."

"Alikuwa mwanaume zamani," mama akamjibu. "Nyinyi mnataka kumchanja hata kama amekufa?"

Mzee, yule baba, akasimama na fimbo yake, akanijia. Watu wakampisha, hakuna aliyenishika mkono. Nilijua napigwa.

"Futa," akasema. "Hapa hapa. Mistari hiyo imeshaniulia mtoto mara moja."

Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Nikafuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, maombi yakinisubiri, na mzee amesimama juu yangu mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaenda kukaa karibu na mkewe.

Kwa hiyo nisikilize, sitalainisha. Mahali picha imenyamaza, usiisemee. Nenda kwa mwenye mtu wake, kaa, kunywa chai yake, uliza. Kuuliza si ujinga. Na yeye akiwa hajui, acha pawe patupu. Patupu hapamtukani mtu.

Mungu akupe jicho kali na mdomo usioona haya kuuliza. Na kila mama utakayemchorea, amtambue mtoto wake.