Jino Jeupe Mbele ya Wakwe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoketi kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Isiolo nikaanza kumfundisha kazi yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na daktari mwenyewe, mtu wa milimani upande wa Meru, alikuja mjini mara moja kwa mwezi. Gego langu la juu lilikuwa na tundu, na wiki iliyofuata wakwe walikuwa wanakuja kwetu Kiwanjani kuniposa.

"Hii ni jino ya kutafuna," daktari akaniambia. "Nitaziba na ya chuma, ikae miaka mingi. Hii nyeupe ni mpya, mimi naweka watu kwa meno ya mbele."

Nikakataa katakata. Nikicheka, gego lile lilionekana, na shoga zangu walikuwa wamenionya kwamba mdomo wenye chuma ni mdomo wa kikongwe. Siku hizi nyinyi mnaogopa zebaki iliyomo ndani ya chuma hicho. Sisi tuliogopa uzee tu. Basi akatoa vimeno vya mfano, vimepangwa kama vifungo vya shati, ili tuchague rangi. Hapo aibu ikanishika. Meno yangu ni ya kahawia, kama ya wengi tuliokulia maji ya visima vya huku. Shuleni watoto wa milimani waliwahi kuniuliza kama napigia mswaki chai. Hakukuwa na kimeno hata kimoja cha rangi yangu. Daktari akashika cha manjano kilichokaribia, mimi nikanyooshea kidole kile cheupe kuliko vyote. Akaguna, akaniziba nilivyotaka. Nilitoka pale nikiringa, natafuta mtu wa kunichekesha.

Wakwe wakaja. Guyo, kijana aliyenitaka, alibaki kwao. Walikuja wazee wake pamoja na nyanya yake kutoka Korbesa, ambaye kila mtu alimwita Akko. Walileta buna, yaani kahawa inayokaangwa na maganda yake kwenye samli, kisha hutafunwa punje kwa punje. Mkiila pamoja, maneno yenu yamebarikiwa. Akko akaniketisha kando yake, akanisimulia jinsi Guyo alivyokuwa akikimbizwa na beberu utotoni. Nikacheka mdomo wazi. Akanishika kidevu, akaniinua uso vile wanunuzi wa mnadani wanavyoangalia umri wa ng'ombe.

"Nani alipiga wewe, jino ikatoka?"

"Hakuna, Akko."

"Sasa hii jino nyeupe ni ya nani?"

Mama alinikazia macho. Ningesema ukweli pale, mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini nilisema, "Ni yangu, Akko. Nilizaliwa nayo."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata mlangoni. Sahani ya buna ikanifikia, nikatia punje mdomoni kwa adabu zote, nikauma. Ka! Kipande cheupe kikaangukia kiganjani mwangu, wazee wote wakitazama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nilivunjika jino.

Baba mkubwa wa Guyo akaacha kutafuna. Nikaona ndoa yangu inaondoka hivi hivi, nikaanza kulia.

Akko akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza. Kisha akafungua mdomo wake mwenyewe, anionyeshe. Meno ya kahawia, mengine karibu meusi, na hakuna hata moja lililopungua.

"Hii ni maji ya kwetu," akasema. "Mimi nilikuja kutafuta msichana wa hii maji. Jino ikuwe rangi yoyote, hiyo si maneno. Lakini ukidanganya mimi na buna iko kwa mkono, kesho utadanganya mjukuu yangu na nini?"

Nikamwambia yote, hata yale ya mswaki na chai. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akachagua punje nyingine, akaniwekea kiganjani.

"Tafuna na upande ile ingine," akasema, na wazee wakaendelea kula.

Mwezi uliofuata daktari aliniziba kwa chuma, wala hakunisimanga. Chuma hicho kipo mpaka leo, na Guyo bado ananiuliza kama nilizaliwa nacho. Mjukuu wetu alitaka nikitoe. Daktari wa siku hizi akakikagua, akasema ni kizima, tukiache. Yeye mjukuu amezibwa kwa nyeupe, tena kwenye gego, na anatafunia vizuri kabisa. Dawa zimebadilika, nami sina ugomvi na rangi.

Basi, mwanangu, watu wakibishana chuma au nyeupe, wewe muulize daktari jino lako lina kazi gani, kisha umsikilize hata kama jibu halikupendezi. Na ukiwa na jambo unalolionea haya, litaje mwenyewe mapema, kabla buna haijakusemea. Mola akupe meno ya kutafunia hadi uzeeni, ya rangi yoyote atakayopenda, na akujalie watu ambao mbele yao hutaziba mdomo ukicheka.